Siku ya kwanza iwe ya watu wawili

Swali la wiki: "Umegundua una ndugu wa baba mmoja au wa mama mmoja aliyekulia mbali, na sasa mnakutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Ufanye nini ili siku hiyo isiharibike?"

Mhariri, salaam nyingi kutoka Jinja.

Swali lenu linawahusu watu wengi huku Uganda. Reli ya kutoka Mombasa, kambi za jeshi, malori ya Malaba na Busia, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya 1979: kila kimoja kiliacha baba upande mmoja wa mpaka na mtoto upande wa pili. Watoto hao sasa ni watu wazima, wana simu, na wanatafutana. Wengi hukutana vibaya ingawa nia yao ni njema, kwa sababu mkutano wa kwanza hubebeshwa mambo matatu kwa pamoja: kujuana, kutambulishwa kwa ukoo, na mali. Sisi tunaosuluhisha mambo ya familia tunashikilia kwamba siku ya kwanza ni ya kujuana tu, tena ya watu wawili. Hayo mengine yatafutiwe siku zake.

Nianze na maneno, maana yanaumiza mapema. Watu wengi husema "ndugu wa kambo". Kambo ni ya ndoa: mtoto wa mke wa baba, aliyezaliwa na mwanamume mwingine, huyo ndiye wa kambo na hamna damu moja. Mliozaliwa na baba mmoja ni ndugu wa baba mmoja, na waliotoka kwa mama mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Waganda, yaani watu wa Buganda, husema mwana wa kitange, mtoto wa baba yangu, na hapo pametosha. Neno "nusu" liacheni kabisa. "Mtoto wa nje" ni tusi hata likisemwa kwa upole, na anayelisema mbele ya mgeni hasahauliki.

Kabla ya kupanga safari, hakikisheni kwamba ni ndugu kweli. Msitegemee majina. Katika Buganda kila mtoto hupewa jina lake kutoka kwenye majina ya ukoo, kwa hiyo watoto watano wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Kinachofanana ni ukoo na muziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho ndicho alama na mwiko wa ukoo: Nsenene, Mmamba, Ngabi, Nkima na koo nyingine, zote zikiwa zaidi ya 50. Aliyelelewa Kisumu au Mwanza huenda hajui ukoo wa baba yake, na kutojua si dalili ya uongo. Ulizaneni mambo yasiyopatikana kwenye Facebook: baba alikuwa anafanya kazi wapi na mwaka gani, alikuwa na kovu wapi, marafiki walimwita jina gani la utani, alikuwa anavuta sigara au la. Kila mmoja aandike majibu yake kwanza, ndipo msomeane. Mtu akishasikia jibu la mwenzake, kumbukumbu yake hulifuata bila yeye kujua.

Kipimo cha vinasaba kipo. Maabara ya serikali ya uchunguzi iko Wandegeya, Kampala, na zipo pia za watu binafsi. Lakini wengi huenda huko wakidhani kipimo cha ndugu hujibu sawasawa na cha baba na mtoto. Mtoto hupokea kwa baba nusu ya vinasaba vyake, ndiyo maana jibu la baba hutoka wazi. Ndugu wa mzazi mmoja hushiriki wastani wa asilimia 25, na kiasi halisi huyumba, takriban kati ya 17 na 34. Asilimia 25 hiyo hiyo ndiyo ya mjomba na mpwa wake, au babu na mjukuu. Kwa hiyo karatasi itakayotoka itazungumza kwa lugha ya uwezekano, na familia inayongoja "ndiyo" au "siyo" inaweza kugombana juu yake.

Cha kupima kinategemea mko nani. Wanaume wawili wa baba mmoja walinganishe kromosomu Y, ambayo hupita toka kwa baba hadi kwa mwana karibu bila kubadilika, wakikumbuka kwamba baba mdogo na binamu wa upande wa baba wanayo hiyo hiyo. Dada wawili wa baba mmoja hupokea kromosomu X ile ile ya baba, nzima, na hilo hupimika vizuri. Kaka na dada wa baba mmoja hawana njia hizo mbili. Kwao husaidia sana mama wote wawili wakitoa sampuli, ili cha upande wa mama kitolewe na kibaki cha baba. Wa tumbo moja hulinganisha vinasaba vya mitokondria, vinavyotoka kwa mama peke yake, ingawa navyo dada wa mama na watoto wake wanavyo. Kama mzazi yu hai na anakubali, apimwe yeye, yaishe. Kipimo kisiwe sharti la kukutana pale ambapo hakuna mgogoro. Na mkiamua kupima, semezaneni kabla: jibu likija kwamba hatuhusiani, tutafanya nini? Wanaoulizana hilo mapema hubaki wakisalimiana.

Hela isitumwe kwa simu kabla ya kuonana. Iwe nauli, iwe dawa, iwe ada ya mtoto, isubiri. Matapeli wanaijua hamu ya mtu aliyepata ndugu. Kwa ndugu wa kweli napo hela hiyo huharibu mambo: anayetuma huanza kujiona mfadhili, na anayepokea huja siku ya kwanza akiwa na deni. Kama mmoja hana nauli kabisa, mwenye uwezo asafiri yeye.

Simu tatu au nne za dakika kama 20 zinatosha kabla ya kuonana, ya mwisho ikiwa ya video ili sura isiwe mshtuko. Zikizidi hapo, kila mmoja hujijengea mtu wa kufikirika, na yule wa kweli anapofika huonekana amepungua.

Halafu kuna mama. Ikiwa mama yako ndiye aliyekuwa mke wa nyumbani, habari ya mtoto mwingine ni kidonda chake kabla ya kuwa furaha yako. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo, angalau wiki moja kabla. Huendi kumwomba ruhusa, unazuia asiisikie sokoni. Mwambie pia kwamba halazimiki kuonana na mtu yeyote siku hiyo. Mama wa upande wa pili naye aambiwe. Mara nyingi yeye ndiye aliyeficha, na ana sababu zake. Ssenga, yaani shangazi, huwa ndiye anayejua siri yote. Muulizeni kwa simu, ila asialikwe siku ya kwanza. Akija, atazungumza yeye muda wote.

Safari yenyewe. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Anayetoka Tanzania achukue pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Anayeingia Uganda awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na sindano ichomwe angalau siku 10 kabla. Anayekuja kwa basi la usiku kutoka Nairobi hufika Kampala asubuhi miguu imevimba na macho mekundu. Msikutane asubuhi hiyo. Alale, aoge, mkutane kesho yake. Mkutano mwingi huharibiwa na uchovu, kisha watu wakasema damu zao hazikupatana. Epukeni tarehe 3 Juni na siku zinazoitangulia, maana mahujaji wa Namugongo hujaza barabara na nyumba za wageni, na wiki ya Krismasi nauli hupanda sana.

Pa kukutana pawe pa watu wote, penye kivuli na utulivu: bustani ya hoteli ndogo, mkahawa wenye meza za nje, huku Jinja kando ya Nile. Pasiwe nyumbani kwa yeyote. Nyumbani mmoja ni mwenyeji na mwingine mgeni, kuna picha ya baba ukutani na majirani wanachungulia. Pasiwe baa pia, kwa sababu pombe hutoa mapema maneno yaliyokuwa yasubiri mwaka. Anzeni saa nne asubuhi, mwisho saa saba, na mwisho huo usemwe tangu kwenye simu. Saa tatu ni nyingi kuliko mnavyodhani. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mvua kubwa hupenda kunyesha alasiri, hiyo nayo ni sababu ya asubuhi. Kila mmoja anaweza kuja na msindikizaji mmoja wa kukaa meza ya mbali, hasa wanawake. Watoto wabaki nyumbani. Mkiona mwenzenu anashuka kwenye teksi, yaani matatu, na watu 14, mjue siku hiyo imekwisha kabla ya kuanza.

Beba picha tano hadi saba, nakala, usibebe zile za pekee. Beba daftari. Zawadi iwe ndogo na ya kuliwa: kilo mbili za sukari, mkate, majani ya chai, karanga. Gomesi, kanzu, mbuzi na kuku vina maana yake mbele ya wakubwa, visitangulie. Mwenye mji alipe chakula, msafiri ajilipie njia, na hilo nalo lisemwe mapema ili bili isije mezani ikiwa mtihani.

Dakika za kwanza huwa ngumu kwa wote. Mmoja anataka kukumbatia, mwingine ananyoosha mkono. Fuata wa mkono, kukumbatiana kutakuja. Dada mdogo aliyelelewa Buganda au Busoga anaweza kupiga magoti kukusalimu. Usimwinue kwa nguvu kwa kudhani unamheshimu: itikia salamu, umalize, ndipo mkae. Jifunze salamu moja ya lugha yake, "wasuze otya" ya asubuhi kwa Waganda na Wasoga, "mulembe" kwa Wagisu, "agandi" kwa Wanyankole. Kiswahili kitawasaidia baadaye, lakini baadhi ya wazee wa Uganda bado hukisikia kama lugha ya askari, na salamu ya kwao huwalainisha. Kaeni pembeni mwa meza, bega kwa bega kidogo. Kutazamana uso kwa uso saa tatu na mtu mwenye macho ya baba yako kunachosha.

Nusu saa ya kwanza zungumzeni safari, kazi, watoto. Chakula kikija, toeni picha, na picha zenyewe zitamleta baba. Hapo ndipo penye uzito wote. Mmoja alilelewa naye, mwingine hakulelewa naye, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyepata. Aliyelelewa naye huenda alipigwa, au alimwona akilewa. Asiyelelewa naye alikuwa na baba wa kufikirika, mwema sana. Aliyekuwa na baba aeleze mambo madogo ya kweli: alivyocheka, chakula alichopenda, redio aliyosikiliza, alivyoshika jembe. Asimtetee. Asiseme "alikuwa anakupenda" kama hajui. Kama baba aliwahi kumtaja mtoto yule, aseme lini na alisema nini, neno kwa neno. Kama hakuwahi, aseme hakuwahi mbele yake. Inaumiza, lakini uongo wa siku hiyo hugunduliwa na shangazi wa kwanza atakayeulizwa. Asiyemjua baba naye asimhukumu mwenzake kwa ada ya shule ambayo mwenzake alilipiwa akiwa mtoto. Maswali ya "mama yako alimpataje baba yangu" yaachwe. Hakuna kati yenu aliyekuwepo.

Chukua muda uulize afya, daftari likiwa wazi. Baba alikufa kwa ugonjwa gani, akiwa na umri gani? Kuna shinikizo la damu, kisukari, saratani ya tezi dume au ya matiti, presha ya macho? Uliza hasa seli mundu, ambayo hapa Uganda ni tatizo kubwa. Mzazi anayebeba kinasaba kimoja bila kuugua humpa kila mtoto kwa nafasi moja kati ya mbili. Ndugu yako akijua amebeba kutoka kwa baba mliyechangia, nawe pima kabla ya kuzaa.

Kuna jambo watu huona haya kulitaja, nami nalitaja kwa sababu limevunja familia. Kaka na dada waliolelewa pamoja hukinai miili yao tangu utotoni. Waliokutana wakiwa na miaka 25 au 30 hawana kinga hiyo, na furaha ya kufanana inaweza kugeuka mvuto wa kimapenzi. Si laana wala uchawi, na hisia yenyewe si kosa. Msilale chumba kimoja kwa kubana matumizi, msikeshe kwenye WhatsApp usiku wa manane, na hisia ikija, punguza ukaribu na umwambie mtu mzima unayemwamini. Ukoo huwalinda wa baba mmoja kwa sababu muziro ni mmoja. Wa tumbo moja kwa kawaida wana miziro tofauti. Mila ya Buganda inakataza pia kuoa katika ukoo wa mama, lakini wapo wengi wasioijua.

Wengine hukaa saa tatu na wasisikie chochote, wakarudi na hatia. Hilo ni la kawaida. Hamkucheza pamoja wala kugombea kitanda, mazoea yatakuja kwa kukutana. Kabla ya kuachana pangeni tarehe ya pili, hata ya mbali, na mkubaliane kuhusu picha: isiwekwe mtandaoni mpaka kila upande umeshawaambia wakubwa wake. Picha moja yenye maneno "nimempata dada yangu" imewahi kuwa njia ya wajane kupata habari. Siku ya pili au ya tatu tegemeeni huzuni, na tegemeeni mmoja kupiga simu mno huku mwingine akinyamaza. Simu moja kwa wiki, siku inayojulikana, hutuliza wote wawili.

Ziara ya nyumbani iwe mara ya pili au ya tatu, na wasizidi wanne. Mgeni akilala kijijini, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aarifiwe. Hapo ndipo mila huanza kuuliza, na ndugu mwenyeji amwandae mwenzake mapema. Kama baba Mganda alishafariki na msiba ukamalizwa kwa okwabya olumbe, mrithi wake, omusika, amesimama mahali pa marehemu. Anaweza kuwa kaka yenu mdogo, na bado akaitwa baba. Mgeni asiyejua hudhani anataniwa. Toro na Bunyoro ataulizwa empaako yake, jina la upendo na heshima kama Akiiki, Amooti au Araali. Akiwa hana, nyumba inaweza kumpa, na apokee. Kwa Wagisu mwanamume ataulizwa imbalu. Tohara hiyo hufanywa miaka shufwa, na hata aliyetahiriwa hospitalini anaweza kuulizwa alisimama wapi. Ndugu yake amsemee mapema kwa wazee, asiachwe ajibu peke yake uwanjani. Kaburini aende na mtu wa nyumba ile, kisha aachwe kidogo peke yake.

Mali nimeiacha nyuma kwa makusudi. Watu wengi, kwa hofu ya kudhaniwa wamefuata ardhi, husema siku ya kwanza "mimi sitaki chochote". Usiseme hivyo. Sheria ya Uganda humhesabu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa mtoto, na kwa marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022, aliyekufa bila wosia akiacha mjane, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, watoto hupata asilimia 75, mjane 20, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Nyumba ya makazi ina kanuni zake. Neno la machozi la siku ya kwanza litarudishwa kwako miaka kumi baadaye mbele ya watoto wako. Sema tu: "Hayo yana siku yake, mbele ya watu na kwa maandishi." Kwa Waislamu, swali la mtoto kuzaliwa ndani au nje ya ndoa hubadilisha hesabu mbele ya shehe, nalo pia si la mezani siku hiyo. Na ninyi mliobaki nyumbani, mnapokwenda ofisi ya serikali inayosimamia mirathi kuandikisha watoto wa marehemu, mwandikeni. Barua za usimamizi zilizopatikana kwa kuficha mtoto zinaweza kufutwa mahakamani.

Lililobaki ni dogo na husahauliwa karibu kila mara. Kabla ya kuagana siku ile ya kwanza, kila mmoja ampe mwenzake namba ya mtu wa tatu, mume, mke au mtoto mkubwa, na mtu huyo aambiwe usiku huo huo kwamba yupo ndugu wa kupigiwa simu. Huku kwetu maziko hayakawii, hufanywa siku ya pili au ya tatu, na kwa Waislamu siku hiyo hiyo. Simu ya marehemu ikizimwa, na namba yako imo humo peke yake, hakuna atakayejua kukuita.

Msomaji, Jinja